Nyuki Waliokwenda Kuposa Misigiri

Tangu nirudi, cherehani yangu haifanyi kazi. Kila anayeleta suruali ya kupunguza kiuno hapa kwangu Kintinku anakaa kwenye benchi, ananitazama, halafu anaanza kucheka. "Elia, ni kweli ulichunga nyuki?" Ni kweli jamani. Nilichunga nyuki mchana wote, na fimbo mkononi, kijijini kwa watu nisiowajua, siku ambayo nilitakiwa niwe nimekaa mbele ya wakwe nimeinamisha kichwa kwa adabu. Nimewasimulia vipande vipande mpaka hadithi imeanza kuota mikia. Juzi nimesikia eti nyuki walinikimbiza hadi Singida mjini. Hapana! Kaeni, someni, mkimaliza mniache nishone.

Kwa wasiomjua, Upendo ni mwalimu wa shule yetu ya msingi, Mnyiramba wa Misigiri, na mimi nampenda mpaka nashona mifuko nje ya suruali. Wazee wake na wazee wangu walishaelewana mambo ya ng'ombe. Aliyebaki ni bibi yake, mama mzaa baba, na huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ile nyumba. Akanipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu." Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mchumba wa mjukuu. "Ng'ombe ni mambo ya mwanangu. Mimi niletee nyuki wadogo. Tembe yangu ya udongo ilikuwa na nyuki ukutani tangu nilipoolewa. Sasa mwanangu kaivunja, kanijengea nyumba ya tofali za saruji, haina hata ufa wa kupita sisimizi. Nyuki wameondoka. Asubuhi naamka, ukuta kimya! Niletee wengine. Wakiikubali hii nyumba na mimi nimekukubali. Wakiikataa, mjukuu wangu haondoki hapa."

Mimi nikacheka sana. Jioni nikamsimulia Upendo, yeye hakucheka.

"Elia, Bibi hatanii."

"Si ananiita mume wake?"

"La mume anatania. La nyuki hatanii."

Kintinku: gari la abiria

Nyuki wadogo mnawajua, wale weusi wasiouma, wanaoingia kwenye nywele na masikio tu. Mama yangu anafuga kwenye mizinga ya magogo iliyoning'inia chini ya paa. Akanichagulia mmoja wenye watu wengi. Jioni, wote walipokwisha kuingia, akaziba kamrija kao ka nta, kale ka mlangoni, kwa kipande cha chandarua ili hewa ipite. Kisha akatuita mimi na Mjomba Malogo, kaka yake, ambaye ndiye mshenga wangu.

"Msifungue mpaka mfike. Nyuki akitoka akaona mahali, basi pale ndipo kwao. Mmenisikia?"

Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Naomba mkumbuke kwamba alitikisa kichwa.

Asubuhi wazee wetu wengine wakatangulia. Sisi tukasimama barabarani na mzinga umefungwa kwenye kanga ya Mama, Mjomba ndani ya suti yake ya kijivu ambayo niliishona mimi, na tai juu. Basi likaja. Kondakta akashuka, akashika mzinga ili aupakie kwenye buti, akasita. Akainama kusikiliza.

"Humu ndani kuna nini?"

"Nyuki," Mjomba akajibu kwa fahari kabisa.

Kondakta aliruka, nawaambieni, kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hawaumi hawa, ni wadogo," nikamwambia.

"Hata simba kwenye picha haumi, lakini simpakii! Gari, twende!"

La pili likakataa. La tatu halikusimama hata kidogo, nadhani walishapigiana simu. Mjomba akafikiri tuufiche kwa kusema ni ngoma ya kanisa. Nikamuuliza ni ngoma gani inayonguruma bila kupigwa. Akasema ya walokole. Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya posa.

Kwenda Ihanja, na kuku

Aliyetuokoa ni Hango, Mnyaturu mmoja mnene mwenye kanta, lori dogo la kubeba kuku. Alikuwa anakwenda Ihanja kuchukua kuku wa kienyeji, kisha Singida mjini. Alipoona mzinga akachungulia, akatabasamu.

"Mgogo anakwenda kuoa Iramba, anakatiza Unyaturu mchana kweupe bila kuaga! Pandeni, watani, nikaone mwisho wake."

Manyoni tukasimama kunywa supu ya mbuzi na chapati. Mjomba alikula akiwa ameweka mkono mmoja juu ya mzinga, akawa anaukaribisha, "Karibuni, karibuni." Mama muuza supu akauliza kama mzee ni mzima. Hango akamwambia, "Huyo ndiye mzima, mgonjwa ni huyu anayeoa."

Tulikuwa na muda wa kutosha, tungefika Misigiri saa za mchana, tukanawa, tukakaa. Lakini kabla ya Issuna tairi ikapasuka. Tairi ya akiba ilikuwepo, jeki haikuwepo. Hango alikuwa amemwazima shemeji yake. Tukakaa chini ya mti wa miiba tukisimamisha magari, na kila gari likisimama, dereva anashuka na jeki, anasikia mngurumo kwenye kanga, anarudi garini na jeki yake. Mpaka akatokea mzee mmoja kiziwi na trekta. Haki ya Mungu, kiziwi! Alitusaidia kwa moyo wote, akaugonga mzinga mara mbili kusifia gogo, akaenda zake.

Kufika hapo jua lilikuwa limeshakuwa kali na bati la kanta linachoma. Mjomba akawa anatega sikio kwenye mzinga kila mara.

"Elia, wamepunguza sauti."

"Wamelala, Mjomba."

"Mimi nawajua watu waliolala. Hawa wanazimia."

Nikaanza kuogopa na mimi. Akilini nikamwona Bibi amesimama mlangoni, nakabidhi kipande cha gogo kimejaa maiti.

Ihanja: nilivyogeuka mchungaji

Ihanja, Hango alitupeleka kwa Mama Sumbu, mama wa makamo anayekusanya kuku kutoka kwa majirani. Uani kwake kuku walikuwa wametapakaa kila mahali, na nyuma ya nyumba shamba la alizeti limechanua lote, njano tupu. Alitupokea kwa maji ya kunawa, akatuwekea ugali wa uwele, mlenda na maziwa mgando. Mlenda wa Kinyaturu ni mzuri, ila nikakosea nikasema wa kwetu unavutika zaidi. Hango na Mama Sumbu wakaacha kula wakanigeukia. Mjadala huo ulikuwa mrefu, sitauandika hapa. Ila wakati tunabishana, mimi, Hango na mwenye nyumba, hakuna aliyemwona Mjomba amekwenda wapi.

Akarudi amefurahi.

"Nimewapa nafasi," akasema.

"Umewapa nani nafasi?"

"Nyuki. Sisi tumenawa, tumekula, tumepewa kivuli. Wao je? Mgeni utamfungia mlango kwenye nyumba ya watu? Nimetoa kile kitambaa wapunge hewa kidogo."

Nilisimama, maziwa yakamwagika. Mzinga ulikuwa umelazwa kwenye kivuli kando ya banda la kuku, kamrija kako wazi, na nyuki wanatoka mfululizo. Wanatoka, wanageuka kuutazama mlango wao, wanayumbayumba hewani hapo mbele, wanapanda juu kidogo, kisha hao, kwenye alizeti. Wametoka gizani, njaa imewashika, na mbele yao shamba zima limechanua! Hata ningekuwa mimi ningekwenda.

"Basi wamekwisha kupumua," Mjomba akasema, akiniangalia usoni. "Tuwafunge twende."

"Tumfunge nani? Wenyewe hawapo!"

Ndipo kuku walipogundua. Jogoo mmoja mwekundu alikuja, akainamisha kichwa, akamwangalia nyuki kwenye kamrija, akamdonoa. Tam! Akawaita wake zake. Kufumba na kufumbua nina kuku kama msikiti wa Ijumaa mbele ya mzinga wangu, wanadonoa nyuki wa Bibi mmoja mmoja. Nikapiga kelele, nikaunyakua mzinga, nikakimbia nao upande wa pili wa ua, nikauweka juu ya pipa. Nikajiona mjanja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Nyuki wakaanza kurudi kutoka kwenye alizeti, miguu imejaa chavua, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye pipa. Walikwenda palepale kivulini, mahali penye hewa tupu. Wanazunguka, wanatafuta mlango usiokuwepo. Hatua chache tu, mzinga wanaweza kuuona! Lakini hawautafuti mzinga, wanatafuta mahali. Wakawa kawingu keusi kanakosogea juu ya kinyesi cha kuku, na kuku wamekaa chini yake wakiangalia juu kama wanaosubiri kugaiwa.

Hango akajikunja kwa kicheko. "Mtani, nyuki wako wamesahau nyumba!"

"Hawajasahau hata kidogo," nikamjibu, na maneno ya Mama yakanirudia kwa sauti yake yote. Nikaurudisha mzinga palepale, nikaulaza kama ulivyokuwa, kamrija kakitazama kulekule. Haikuchukua muda. Wa kwanza akatua, akaingia. Wa pili. Kisha wakaingia kwa kupishana, kama wanawake wanaotoka kisimani. Nilifurahi nikamkumbatia Mama Sumbu bila kumwomba ruhusa.

Ila wengine bado walikuwa shambani, na wapya wanaendelea kutoka. Kama ni kuondoka nao wote, ni mpaka jioni, giza likiwaingiza ndani. Hango hakuweza kusubiri, kuku wake walikuwa wanasubiriwa mjini.

"Funga tu, nenda na walioko ndani," akanishauri. "Nyuki ni nyuki. Nani atajua?"

Nikafikiri. Wale walioko nje ndio wanaotafuta chakula. Nikiwaacha watarudi hapa, watazunguka juu ya hii hewa tupu mpaka wachoke waanguke, na kuku wawamalize. Na huko niendako nitakuwa na nyumba ya watoto bila mtu wa kwenda sokoni. Ndani ya siku chache ukuta wa Bibi utakuwa kimya tena, na mimi nimebaki bila mke.

"Nasubiri," nikasema.

Mjomba akajitolea kutangulia na Hango mpaka Singida, apande gari la Misigiri, akawaeleze wakwe. Mimi nikapewa fimbo na Mama Sumbu, nikakaa kwenye kinu kilichogeuzwa, mbele ya mzinga, nikafukuza kuku. Watoto wa shule walipopita walisimama wakaangalia mtu mzima aliyevaa shati jeupe la posa anachunga gogo.

Simu kutoka Misigiri

Jua lilikuwa linainama Upendo alipopiga.

"Elia, upo wapi?"

"Ihanja. Nachunga nyuki."

Nikasikia nyuma yake shangazi zake wakiuliza, "Anasemaje? Anasemaje?"

"Mjomba wako kafika. Kasema mbele ya watu wote kwamba umebaki Ihanja kwa mwanamke, unawangojea nyuki. Baba anauliza ni nyuki gani wanaongojewa kwa mwanamke. Mama Sumbu ni nani?"

"Ni mwenye kuku!"

"Mwenye kuku." Sauti yake ilikuwa baridi. "Wazee wako wamekaa sebuleni kama waliofiwa. Baba anasema mtu asiyefika kwenye posa yake mwenyewe amejibu tayari."

Nikaanza kueleza habari ya hewa tupu na kamrija, maneno yakawa yanagongana, mpaka Mama Sumbu akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, hujambo? Mimi ndiye huyo mwanamke. Nina wajukuu na magoti yananiuma. Huyu bwana wako yuko uani kwangu tangu mchana anapigana na jogoo wangu, na jogoo anashinda. Kama humtaki niambie nimuozeshe hapahapa, maana sijaona mwanaume mwenye subira hivi tangu nizaliwe."

Mara nikasikia Upendo anacheka, kile kicheko chake cha puani kinachoanza kidogokidogo, na hapo nikajua nitapona.

"Mwambie wakiingia wote aje," akasema. "Bibi kavaa gauni jipya tangu asubuhi. Kasema halivui mpaka aone nyuki."

Jua lilipogusa miti wakaanza kurudi kwa wingi. Nikasubiri mpaka dakika nyingi zikapita bila hata mmoja kutua, nikakagua kwenye majani, nikakagua juu ya kuku, ndipo nikakaziba kamrija kwa kile kitambaa. Mama Sumbu akanitandikia kwa watoto wake. Nililala nimeukumbatia mzinga.

Singida hadi Misigiri

Alfajiri nilishakata tamaa ya usafiri, mara honi. Hango! Kanta tupu, manyoya yamejaa.

"Nimelala vibaya," akasema. "Nikikuacha Wagogo mtasema milele kwamba Mnyaturu alimtupa bwana harusi kwa kuku. Na mimi nataka kumwona huyo bibi."

Tukapita Singida mjini watu ndio wanafungua maduka, mawe makubwa yamekaa juu ya mawe kama kawaida yake. Tukanunua maandazi, tukayala tukiimba. Hango hajui kuimba. Tulipokaribia Misigiri nikashuka kwenye dimbwi nikafua kola ya shati, nikavaa hivyohivyo ikiwa imelowa.

Uani kwa wakwe watu walikuwa wamejaa. Wazee wangu upande mmoja, wamenuna. Wazee wa Upendo upande mwingine, wamenuna zaidi. Mjomba Malogo katikati, tai imelegea, anaonekana ametubu kila kitu tangu ubatizo. Nikaamkia, shikamoo, shikamoo, mwanzo mpaka mwisho, mzinga mikononi. Baba wa Upendo akaitikia kwa pua.

"Kumbe umepata nafasi," akasema.

Kabla sijajibu, Bibi akainuka. Mdogo, mkavu, gauni la zambarau lina mikunjo ya kulaliwa.

"Mume wangu, wamekuja wote?"

"Wote, Bibi. Waliokwenda shambani niliwangoja warudi. Ila jogoo alikula kadhaa."

"Jogoo ni jogoo," akasema. "Tundika tuone. Bado sijasema kitu."

Ukuta wa saruji

Nikautundika chini ya paa, upande wa mawio, ukutani penye saruji mpya isiyo na alama. Nikatoa kitambaa. Watu wazima wote wale, mchungaji mmoja wa kanisa, wazee wawili wa msikiti ambao ni majirani, shangazi, Hango na manyoya yake, wakavuta viti wakakaa kuangalia kitundu cha upana wa mrija wa soda.

Hakutoka mtu.

"Wamekufa," baba wa Upendo akasema polepole, na nikasikia kwamba hata yeye hakupenda kulisema.

Nikaweka sikio kwenye gogo, damu yangu ilikuwa inapiga kelele nisiweze kusikia kingine. Ndipo akachungulia mmoja. Akatoka. Akageuka, akautazama mlango, akayumbayumba hapo mbele ya ule ukuta, kushoto, kulia, akapanda kidogo, akatazama tena.

"Anakariri," Mama mkwe akanong'ona.

Akaondoka. Wakafuata wengine, kila mmoja akitazama kabla ya kwenda. Uwanja wote ukainua macho. Kisha ikabaki ile kazi mbaya kuliko zote, ya kusubiri kama watarudi. Mjomba akafumba macho akaanza kusali kwa Kigogo. Bibi peke yake alisogea mpaka ukutani, akasimama, pua yake karibu imguse nyuki mlinzi wa kamrija.

Wa kwanza kurudi alikuwa na chavua ya njano. Watu wakaguna kwa furaha, mimi nikaruka. Bibi akainua mkono.

"Huyo kaleta chakula. Hata msafiri hula. Tulieni."

Tukatulia. Wakarudi wengine, chavua, chavua, mtupu, chavua. Nikaanza kumchukia huyu bibi kwa upendo mkubwa. Kisha akatua mmoja miguu yake inang'aa, imeshika vidonge vyeusi vizito vinavyonata, akatembea kwa shida kwenye kamrija kalikopondeka njiani, akabandika kipande pembeni, akaanza kukisawazisha.

Bibi akaegemeza kiganja kwenye saruji.

"Huyu kaleta gundi ya mti," akasema. "Gundi hailiwi. Anatengeneza mlango." Akageuka kuwatazama wazee wote pamoja. "Haya. Leteni maneno yenu, niliyavalia gauni."

Na kabla mshenga wangu hajafungua kinywa, kigelegele kikapasuka ndani ya chumba, dirisha la nyuma ya Bibi, pale ambapo binti anayeposwa hukaa kimya kwa haya mpaka aitwe. Shangazi zake wakamkemea, "Wewe! Nyamaza! Si wewe wa kupiga!" Akapiga cha pili.